Jina la Mgonjwa

Nyamizi alikuwa amemaliza mafunzo ya kuchapa taarifa za madaktari, na hospitali ilikubali kumjaribu asubuhi moja tu. Bi Hidaya, msimamizi wa chumba, alimvisha hedifoni.

"Daktari anasema, wewe unachapa. Na unayoyasikia humu hayatoki nje ya mlango huu, hata nyumbani kwenu. Atakayeyatoa hana kazi."

Nyamizi akaanza. Daktari alikuwa na sauti nzito, ya haraka. Uvimbe kwenye titi la kushoto, umeshafika kwapani. Mgonjwa amekataa upasuaji. Anaomba watoto wake wasiambiwe. Vidole vya Nyamizi vilikwenda vizuri mpaka daktari alipotaja jina na mtaa. Lilikuwa jina la mama yake mzazi.

Vidole vikaganda.

"Umekosa neno?" Bi Hidaya aliuliza, akimsogelea.

Nyamizi alitamani kuivua ile hedifoni na kukimbilia nyumbani. Lakini angeyasema vipi kule, na kazi ingebaki wapi?

"Hapana, Bi Hidaya. Nimesikia."

Akalichapa jina lile, herufi kwa herufi.

Jioni mama alikuwa akimsubiri kibarazani.

"Wamekuchukua?"

"Wamenichukua, mama."

Mama akapiga kigelegele, akainua mikono amkumbatie. Wa kulia ulifika shingoni kwa binti yake. Wa kushoto ulikomea njiani, na Nyamizi akawahi kuushika kabla haujashuka.