Miayo ya Kiboko

Katika mto ambao ukungu wake haukuondoka hata jua likiwaka, Kiboko aliwavusha wanyama mgongoni. Abiria walipopungua, aliazimia kukihama kivuko alichoachiwa na mama yake.

"Abiria wangu wote husema wameridhika," alimwambia Kinyonga, mtafiti. "Basi kasoro ni mahali."

"Umewauliza waliopanda, mzee. Waliogeuka njiani je?"

Kinyonga akakaa juu ya tete, jicho moja likiwahesabu waliopanda, la pili likiwahesabu waliorudi. Siku saba za kwanza hakubadilisha lolote. Siku saba zilizofuata alimwomba Kiboko jambo moja tu: asipige miayo akiwa kivukoni.

"Miayo! Unanitania, kijana?"

"Nakupima, mzee."

Kesho yake Kiboko hakupiga miayo. Saa ile ile, mahali pale pale, Digidigi aliyekuwa akigeuka kila asubuhi alisogea, akanusa, akapanda. Wanawe watatu wakamfuata.

"Kumbe mlikuwa mkiniogopa?" Kiboko akanong'ona.

"Tulidhani unakadiria kama tutaenea kinywani," akajibu Digidigi.

Kiboko hakutaja tena kuhama. Akaelea ukunguni taratibu, machozi ya usingizi yakimlengalenga, mdomo ameufumba.