Madirisha ya Duara

Tak! Gizani, upande wa pili wa ukuta, kifuniko cha kopo la peremende kilifunguka.

Mama Kifungo akasimama wima, viatu mkononi. Mama mkwe wake alikuwa macho.

"Mbona unanyata kama mwizi wa kuku?" sauti ikauliza.

"Sitaki kumwamsha mtoto, mama."

"Mtoto kaamka kabla yako. Washa taa usije ukatuvunjia vyombo."

Akawasha. Kifungo, bintiye wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa sakafuni, amepanga vibiringo vitupu vya uzi safu kwa safu, vyote vikiutazama ukuta mweupe.

"Hawa wanafanya nini, mwanangu?"

"Wanasubiri taa izimwe."

Mama akambusu utosini, moyo ukicheka. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Yeye mwenyewe tangu utoto hakuwahi kupita mbele ya ukumbi wa sinema bila kupunguza mwendo.

Tiketi aliificha kwenye boksi lake la nyuzi, chini kabisa. Filamu ilikuwa ya mzee anayehama mji hadi mji akiwa amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Aliisoma habari yake miaka miwili iliyopita, kwenye kipande cha gazeti alichofungiwa vifungo dukani, na hajalala vizuri tangu hapo. Leo, siku ya tano ya tamasha la filamu, ingeonyeshwa mara moja tu, saa kumi alasiri, kisha iende zake.

Mama mkwe hakutakiwa kujua. Jumapili alipoliona tangazo la tamasha ukutani alitoa hukumu palepale: "Mtu mzima na akili zake akae gizani kuwalilia watu wasiomjua! Siku nikisikia umeniachia mtoto ukaenda kukodoa macho huko, nafunga mzigo wangu narudi kwangu." Na hakuwa mtu wa kutisha bure. Akiondoka yeye, hakuna wa kukaa na Kifungo. Bila wa kukaa na Kifungo, kwaheri kazi.

"Leo unarudi saa ngapi?" bibi aliuliza, peremende ikigongana na meno.

"Saa kumi na mbili na nusu, mama. Kazi ni nyingi."

"Usijikimbize. Na sisi tuna goti letu." Tangu Jumatatu, daktari alikuwa ameagiza goti hilo litembezwe kila alasiri.

Kwenye karakana ya mapazia, asubuhi ilikwenda kwa mwendo wa cherehani mbovu. Saa tisa na nusu bosi akatokea, miwani moja puani, nyingine kipajini.

"Madirisha ya yule mteja wa ghorofa ya tatu nani atakwenda kuyapima?"

"Mimi, bosi." Alikwisha kuyapima jana wakati wenzake wakila. Vipimo vilikuwa daftarini, vimetulia.

"Utachukua muda gani?"

"Yako tisa, bosi. Halafu mengine ni ya duara."

"Ya duara!" Bosi akatikisa kichwa. "Haya, nenda. Usirudi mpaka uyamalize."

Hapakuwa na dirisha la duara hata moja.

Alifika ukumbini akihema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mlangoni alisimama shoga yake, mkata tiketi, ambaye walisoma naye masomo ya jioni.

"Umechelewa, mpenzi. Pamejaa pomoni. Tiketi zimezidi viti."

"Niweke hata chini."

"Chini nimeshaweka watu."

Mama Kifungo akaichomoa tiketi yake, akamwonyesha. Shoga akachungulia ndani, akaguna.

"Safu ya tatu, kando kabisa, kuna viti viwili nimewawekea watu. Wanavikalia kila siku tangu tamasha lianze. Leo hawajatokea. Keti kimoja, lakini wakija unyanyuke bila kelele."

"Wakija nitawaomba."

"Thubutu! Mmoja wao ana mdomo huyo! Omba Mungu wasije."

Aliketi. Taa zikazimwa, watu wakanyamaza. Yule mzee akatokea juu ya kilima, mlango mgongoni, akautua njiani, akabisha hodi. Hakuna aliyemfungulia. Machozi yakamtoka Mama Kifungo kabla hajajua mzee analia nini.

Tak!

Machozi yakakauka hapohapo. Makopo ni mengi, alijiambia, yamejaa madukani. Lakini harufu ya peremende ikaja, na nyuma ya harufu, pumzi za mtu aliyepanda ngazi kwa goti moja.

Kafuatwa. Nani kamchongea? Bosi? Akajikunja mpaka kidevu kikagusa magoti. Akauona akilini mzigo wa mama mkwe umefungwa, umewekwa mlangoni kwake. Akatafuta la kusema, akapata moja tu, kwamba amekuja kupima madirisha. Akatazama kuta zote nne. Ukumbi haukuwa na dirisha.

Kivuli kinene kikasimama kando yake, na kingine kifupi, kimeshikwa mkono. Akaivuta futi mpaka puani, akafumba macho.

Kwenye pazia la sinema, mzee akaufungua mlango wake, na mwanga mweupe ukamwagika juu ya safu zote.

"Bibi," Kifungo akasema kwa sauti iliyofika mpaka nyuma, "mama amekalia kiti chetu."