Kifua cha Msumari

Siku hiyo mjinga alikuwa fundi seremala, na mpaka leo mwenyewe hakatai. Mtu mzima, ndevu zina mvi, kajikunja ndani ya kabati la chumbani kwake kama mwizi aliyekosea nyumba, magoti kidevuni, koti la harusi limemfunika uso. Mkewe alijua ameenda mara moja kwa mteja kupima milango.

Kabati alilitengeneza kwa mikono yake, mwerezi mtupu, lenye harufu ya kukufuata mpaka ndotoni. Alibandika jicho kwenye ufa. Pua ikamwasha, akaibana kwa vidole. Chafya moja tu ingeharibu kesi nzima.

Kesi yenyewe ilimhusu panya.

Panya huyo alimwokota karakanani kwenye droo ya misumari, hajafumbua hata macho, akamlea kwa maziwa ya kudondosha na kumwita Msumari. Watu walicheka mpaka wakachoka. Yeye hakujali. Msumari alimpanda begani, akamlamba sikio, wakaelewana kuliko ndugu.

Tatizo kifua. Kilianza kukoroma kama msumeno butu, utando mwekundu ukaganda puani, chakula hataki. Daktari wa mifugo alitoa antibiotiki: asubuhi na jioni, kwa kibomba kidogo kisicho na sindano, na dozi imalizike hata mgonjwa akionekana mzima. Jioni fundi ndiye aliyemnywesha. Asubuhi, fundi akishatoka, mkewe ndiye aliyemnywesha. Msumari akapona, akarudia utundu wake. Kisha mke akaenda kukaa kwa dada yake, na kabla hajarudi kifua kikaanza upya. Dozi nyingine, nafuu. Mke akasafiri tena. Kifua tena.

"Fundi, mapafu haya yamechoka," daktari alisema mara ya mwisho, huku akifungua dirisha na kujipangusa pua. "Ugonjwa ukirudi safari hii, sikuahidi kitu. Dawa inaua vijidudu, lakini kuna kitu huko nyumbani kinamchokoza. Mahali pake ni pasafi?"

"Pasafi kuliko kitandani kwangu, daktari! Malalo nambadilishia kila jioni, mwenyewe, kwa mkono huu."

Njiani, kizimba kifuani, fundi alijiuliza. Nani hubaki peke yake na Msumari asubuhi? Nani husafiri, na mgonjwa akazidiwa nyuma yake, kama mtu aliyetega jambo kisha akajiweka mbali? Ni mwanamke yule yule aliyewahi kusema harufu ya mbao inamkaba koo. Fundi alimjibu, "Harufu hiyo ndiyo inayokulisha!" akanuna mpaka majirani wakajua, na neno hilo halikusemwa tena. Asiyevumilia mbao atamvumilia panya?

Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia. Na sasa, humu kabatini, yeye mwenyewe yumo nguoni kweli kweli.

Mkewe akaingia, akapiga magoti mbele ya kizimba.

"Haya, upesi," alinong'ona. "Babako leo hachelewi."

Mgongo wake uliziba kila kitu. Fundi alisikia kufuli likifunguka, kitu kikikung'utwa, mfuko ukichakarika. Mke akainuka, mfuko kaufunga fundo, akashika njia ya mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka. Kizimba kikabaki wazi. Kitupu.

Mwanamke huyu fundi alimkabidhi funguo, mapato, hata siri za mamake. Kama hamtaki mnyama, si angesema? Wamelala kitanda kimoja, kumbe kila mtu na lake.

Akausukuma mlango wa kabati kwa bega, akaanguka sakafuni na koti la harusi shingoni, na chafya zote alizozibana zikamtoka kwa mpigo.

"Mama wee!" Mke aliruka. "Si uko kwa mteja?"

"Muuaji!" Chafya. "Nipe huo mfuko!" Chafya mbili.

Akaunyakua, akaupasua, akaumwaga chini na kupekua kwa mikono miwili. Yalikuwa maranda ya mwerezi, laini, yamejikunja vizuri, yale yale aliyomtandikia Msumari jana jioni. Panya hamna.

"Umempeleka wapi?"

Mkono wa gauni la mkewe ukatikisika. Pua ndogo ikachungulia, kavu, safi. Ikanusa maranda pale chini, ikarudi ndani mbio.

"Msumari! Njoo kwa baba."

Hakuja. Ndipo fundi alipoona kibomba cha dawa, kitupu, mke kakichomeka nyuma ya sikio kama penseli ya seremala, na begani kwake vipande vya shuka kuukuu, vimekatwa kutosha kizimba.

"Maranda yangu unayatupa?"

"Siyatupi. Nayaweka hapo nje, jioni nayarudisha kabla hujaingia. Usije ukanuna."

Hilo lilimchoma kuliko mauaji. "Kwa hiyo siku zote hizi unanizunguka, ndani ya nyumba yangu? Wewe na yeye?" Machozi ya chafya yalimtiririka. "Mbao ile hakuna ya kuifikia! Watu wananibembeleza niwatengenezee makabati yake! Hakuna mdudu anayethubutu kukaa humo!"

Mkewe alimtazama pale chini, pua nyekundu, kifua kikikoroma kama msumeno butu.

"Wewe umekaa humo kidogo tu, mume wangu, na mlango wako unafunguka kwa ndani. Mwenzako unampiga kufuli."