Namba Saba Mpya

Kwa miaka kumi na minane Sikudhani alimbebea Bwana Kimweri fimbo zake za gofu, na kila alfajiri baada ya sala alipima uwanja kwa hatua zake mwenyewe. Siku ya fainali lilibaki shimo moja, na Bwana Kimweri akiongoza kwa pigo moja tu.

“Haya mama, niambie.”

“Hatua mia na hamsini. Namba saba yatosha.”

Akampa namba saba, katika fimbo mpya ambazo Bwana Kimweri alizinunua juma lile. Mpira ukapaa, ukaipita bendera, ukazama kwenye majani huko nyuma. Watu wakaguna.

“Saba hii inapeleka mpira mbali kama tano ya zamani,” Bwana Kimweri akasema. “Jana mazoezini hukuona?”

“Niliona, bwana. Nikadhani Mungu amekuongezea nguvu.”

“Kwa umri huu?” Akavua glavu. “Kuanzia Jumatatu pumzika, mama. Nitatumia kile kipimo cha umbali cha mkononi.”

“Sawa, bwana.”

Sikudhani hakusikia uchungu wala chochote. Akatua mkoba wa fimbo, akaenda kuutafuta mpira. Majani yalimfika magotini. Hapa hakuwahi kupapima kwa hatua zake. Alipogeuka, jua lilimpiga usoni, na katika wote waliosimama wakimngoja hakumtambua hata mmoja.