Mchwa na Nguzo za Daraja

Daraja la wanyama lilikuwa na nguzo tisa. Nyati, msimamizi wa njia, alitangaza kwamba asubuhi ile watoto wote wangelipitia kuelekea malisho mapya.

"Nimelipiga pembe mara tatu, halikutikisika," alijigamba.

Mchwa akajitokeza. "Mheshimiwa, usiwapitishe. Nguzo saba ni tupu ndani."

"Kidudu wewe! Umezipima kwa kipimo gani?"

"Sikuzipima, mzee. Nimezila."

Swala, aliyekuwa na mwanawe ubavuni, akafoka, "Na huoni haya kusema?"

"Naona, dada. Lakini ningenyamaza, ningeona haya maisha yangu yote."

Ili kumuumbua, Nyati akasukuma jiwe kubwa darajani. Kabla jiwe halijafika katikati, daraja zima likaporomoka mtoni.

Wote walidhani Mchwa atapondwa kwa kosa la kuzila nguzo. Swala akawahesabu watoto, akapata arobaini na mmoja, hakuna aliyepungua. Akapiga magoti mbele ya Mchwa. "Ahsante, ndugu yangu. Wote wapo."

Nyati naye akainamisha pembe. "Ahsante sana. Kuanzia leo wewe ndiwe mkaguzi wa daraja jipya," alisema, "nalo tutalijenga kwa mawe."