Barua ya Kurudi Kundini

Wanawake watatu wa kamati walikwisha kuketi sebuleni kabla ya kukaribishwa, na mmoja wao alikuwa tayari akiyakagua mapazia.

"Tumekuja kwa upendo," alisema Esnath, mwenyekiti wa wanawake wa usharika.

Bibi Alinanuswe aliendelea kumenya viazi. Katika miaka yake sabini na miwili hakuwa ameona upendo unaotembea na daftari.

Daftari lilifunguliwa. Mjukuu wake, Sekela, aliyefunga ndoa mwaka uliopita, alikuwa amepoteza mimba ya miezi minne wakati mumewe, Amos, akiwa machimboni Chunya. Hospitali ilisema kwamba mimba imeharibika. Kamati, ambayo haikuwa na daktari wala mkunga, ilisema kwamba imetolewa. Jirani alikuwa amemwona Sekela akinywa dawa. Ilikuwa tangawizi, lakini maneno ya jirani yalikwisha kuandikwa kwa wino.

"Atubu Jumapili mbele ya usharika," alisema Esnath. "Akikataa, atatengwa na meza ya Bwana, na wazee wa kanisa watamweleza Amos sababu. Sijui ni mwanamume gani atakayebaki na mke wa namna hiyo."

Sekela alikuwa amesimama mlangoni, mikono tumboni. "Mama Mwenyekiti, sikuitoa. Nilikuwa nimekwisha kumchagulia jina."

"Wote husema hivyo," alidakia mjumbe wa mapazia, ambaye hakuwa amewahi kumsikiliza hata mmoja.

"Wasichana wa siku hizi hawana haya," Esnath aliendelea. "Mimi na bibi yako tulilelewa na misheni kule Iringa, bweni moja, vitanda vyetu vikitazamana. Tulijitunza. Mwulize."

Bibi Alinanuswe aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimtazama mgeni wake usoni, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyenakili jibu na bado akalikosea.

"Barua ya toba ataipata Mchungaji," alisema. "Ataisoma Jumapili. Kabla ya hapo, Amos asiambiwe neno."

"Bibi," Sekela alinong'ona.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Wageni wanataka kuondoka."

"Ndaga, dada," alishukuru Esnath, akilifunga daftari kwa uchangamfu wa mtu aliyeshiba. "Nilijua kwamba wewe si mtu wa kuficha dhambi nyumbani mwako."

Aliomba sala ndefu yenye kutaja udhaifu wa watu wengine. Viazi walivyofungiwa, hakuna aliyevikataa.

Jumapili ile kanisa la Uyole lilijaa kuliko siku ya Pasaka, kwa maana toba ya jirani huwaponya hata wagonjwa wa miguu. Amos, aliyefika kutoka Chunya alfajiri, aliketi kando ya mkewe bila kujua ni kwa nini watu wanamtazama kwa huruma.

Desturi ya usharika ni kwamba mwenyekiti wa wanawake humshika mkono anayetubu na kumfikisha mbele. Esnath hakungoja barua isomwe. Alikwenda moja kwa moja, akamkamata Sekela kiwiko, akamwinua.

Mchungaji alivaa miwani, akasoma polepole.

"'Mjukuu wangu Sekela hana kosa. Mimba yake iliharibika, nami nililia pamoja naye. Anayetubu ni mimi, Alinanuswe, kwa ajili ya mimba niliyoitoa bwenini nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Nimeketi katika meza ya Bwana miaka hamsini na mitano bila kuikiri. Naomba kurudi kundini.'"

Bibi Alinanuswe alikuwa amekwisha kusimama, uso wake mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alimnyooshea mwenyekiti mkono.

"Mwachie mtoto, Esnath. Nishike mimi. Hata siku ile ni wewe uliyenishika miguu."