Salamu za Sudi

Kabla hakujapambazuka, mchi ulianza kugonga kinu jikoni kwangu. Nilitwanga kisamvu ili redio ya ukutani, ambayo siku hizi kila nyumba inayo na haizimiki, isisikie maneno ya mgeni wangu.

Mgeni alikuwa Nyamizi, mwandishi wa habari. Hupeleka habari kwa mdomo, mlango kwa mlango, kwa kuwa wakubwa hufuta kila kinachoandikwa. Alinipokea mchi, akatwanga yeye.

“Bibi, mgodi uliporomoka mwezi uliopita. Mwanao Sudi alifukiwa. Kaburi nimeliona mwenyewe.”

“Mbona jana jioni kaniamkia hapo ukutani? Kaulizia hata goti langu.”

“Sauti ni yake, bibi. Anayesema siye.”

Nililia kimyakimya. Nyamizi hakuacha kutwanga mpaka nilipotulia, kisha akaninawisha uso kwa maji ya uvuguvugu, akaondoka.

Kulipokucha, redio ilisema kwa sauti ya mwanangu, “Shikamoo, mama.”

Nikaitikia marahaba kabla sijakumbuka.

“Nasikia alfajiri ulikuwa na mgeni, mama. Mwambie aje tena.”